Dole Gumba Kwenye Trei

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kwa muda, niwape kisa. Msiniulize kilitokea nyumba gani. Mkianza kuulizana mtaanza kuangaliana, na leo sitaki mtu aangaliwe.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeolewa kwenye ukoo mkubwa wenye maneno mengi. Mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kuanza. Kwa kuanza jambo, mtaa mzima hakuna aliyemfikia. Alianza kufuma vitambaa vya makochi, akafunika kochi kubwa, yale madogo yakabaki uchi. Alimfumia mume wake sweta, likapata mkono mmoja, wa pili unasubiriwa mpaka leo. Mume naye, kwa wema wake, akawa analivaa hivyo hivyo ndani ya koti. Mnacheka? Haya, chekeni. Lakini nani humu ndani hana sweta la mkono mmoja nyumbani kwake?

Wifi yake mkubwa, dada wa mumewe, mwanamke wa kauli, ndiye aliyempa jina. Alimwita Mama Nusu. Jina likashika kama moto wa mabua. Watoto wakalitumia, muuza genge akalitumia, hata mume siku moja likamponyoka mezani. Mama wa watu alikuwa anacheka pamoja nao, maana ukiolewa kwenye ukoo wa watani utafanyaje? Lakini lilimuuma. Lilimuuma kila lilipotajwa, na halikupita siku bila kutajwa.

Basi ikaja posa. Binti mdogo wa ukoo ule alikuwa anaposwa, na wageni wanakuja na mshenga wao. Ndugu wakakaa kugawana kazi. Huyu atapika, yule ataleta viti, huyu atafunga turubai. Ilipofika zamu ya mama yetu, wifi akasema, "Mama Nusu alete trei ya chai. Ila aangalie, asije akatuletea yenye kishikio kimoja!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama akacheka nao, lakini moyoni alikuwa ameshakata shauri. Trei hii ataimaliza. Itapita mbele ya wageni, mbele ya mshenga, mbele ya ukoo wote, na lile jina litakufa siku hiyo hiyo. Hilo ndilo alilolitaka, na hakutaka kingine.

Akaenda kwa fundi seremala, akachongewa trei ya mbao, ya mviringo, yenye vishikio viwili. Akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto. Kisha akachukua rangi, ya bluu, nyeupe na ya dhahabu, akazimimina zote ndani ya kopo moja, moja juu ya nyingine, bila kukoroga. Akina baba hamlijui hili, nisikilizeni. Kopo lile analipindua katikati ya trei, analinyanyua, halafu anaiinamisha trei upande huu, anaiinamisha upande ule. Rangi zinatembea zenyewe. Zinapishana, zinakumbatiana, lakini hazichafuani. Bluu ikakimbilia ukingoni, nyeupe ikaifuata, na dhahabu ikapita katikati yake. Mama akasimama akaitazama, akasema kwa sauti, peke yake jikoni, "Mimi huyu?"

Ikabaki rezini. Ni dawa mbili, unazichanganya sawa kwa sawa, unazimwaga juu ya rangi, na zikikauka zinakuwa ngumu na zinang'aa kama kioo. Lakini zina sharti lake. Ukishamwaga, unafunika na boksi, vumbi lisiingie, halafu unaacha. Hufunui wala hugusi. Unaacha mpaka iwe tayari. Sasa niambieni, kwa mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kufika mwisho wa kitu, kungoja mwisho ule kulikuwa mchezo?

Alingoja. Nampa haki yake, alingoja sana. Lakini asubuhi ya mkesha wa posa akanyanyua boksi achungulie tu. Jua la dirishani likaangukia trei, na trei ikawaka. Wapendwa, yule mama hakuamini. Hakuamini kabisa kwamba kitu kile kimetoka kwenye mikono inayotaniwa. Kabla hajajizuia, kidole chake gumba kilikuwa kimeshaenda pale katikati, kikabonyeza.

Ilikuwa bado inanata.

Akakinyanyua kidole, na pale katikati, kwenye dhahabu, ikabaki alama. Dole gumba zima, na mistari yake yote. Rezini nyingine hakuna, wageni ni kesho. Akaketi kwenye kigoda akalia, na alichosema ni hiki: "Nusu tena."

Kesho yake akafanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Akapanga vikombe vya chai juu ya trei, kila kikombe na kisahani chake, na kikombe kimoja akakiweka pale pale katikati, juu ya ile alama. Akajiambia kwamba hicho atahakikisha hakinyanyuliwi. Na mtu akikinyanyua, akauliza, atasema ni mtoto aliyegusa. Watoto si wapo?

Akatoka na trei yake. Shingo ameinyoosha, kanga mpya, hatua za taratibu. Akaanza kwa mshenga, ndiye mkubwa wa siku. Na mshenga, jamani, trei imejaa vikombe, yeye yuko katikati ya hotuba, atauona wapi uzuri? Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akaendelea na maneno yake. Mzee wa pili vivyo hivyo. Wale wa viti vya mbele wote wakachukua chai, trei hawakuiona. Mama akaumia. Watu aliowafanyia kazi ile ndio hao, nao wanapuliza chai.

Lakini kadiri vikombe vinavyopungua, trei inajifunua. Waliokaa katikati wakaona bluu. Waliokaa nyuma wakaona bluu na nyeupe, wakaanza kugusana viwiko. "Trei ya nani hii?" Shangazi mmoja akasahau kuchukua chai. Na mama, badala ya kufurahi, akawa anahesabu kimoyomoyo vilivyobaki, maana kila anayemsifu anachukua kikombe, na kila kikombe kikiondoka, kile cha katikati kinabaki mpweke zaidi.

Kikabaki chenyewe. Mama akageuka haraka arudi ndani. Na nani anatoka jikoni, jasho linamtiririka, aliyepika toka alfajiri na hajatia kitu mdomoni?

"Wewe, unakimbilia wapi na chai yangu?" Ni wifi.

"Hii imepoa, wifi. Ngoja nikuletee ya moto."

"Moto nimetoka nao huko jikoni. Lete hiyo hiyo."

Akakinyanyua kikombe pamoja na kisahani chake. Akaiona trei yote, yeye wa kwanza kuiona yote. Bluu, nyeupe, dhahabu, na katikati ya dhahabu, dole gumba. Akainama. Akatazama kwa muda mrefu, chai mkononi.

"Nani kagusa hapa?"

Wapendwa, ule uongo ulikuwa umeshaiva. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama akafungua kinywa, na mwenyewe akashangaa kilichotoka.

"Mimi, wifi. Ilikuwa bado mbichi. Sikuamini kama ni kazi yangu, nikagusa."

Watu wa nyuma wameacha kunywa. Wifi akaiweka chai chini. Akaipokea trei, akaigeuza juani, akaupitisha mkono wake juu ya ile alama, mkono ule ule aliokuwa anawanyooshea watu vidole.

"Marehemu mama yetu hakujua kuandika," akasema. "Unamkumbuka? Kila karatasi iliyoletwa hapa nyumbani alikuwa anaweka dole gumba. Na alikuwa anaweka wapi? Chini kabisa, mambo yote yakishakwisha. Hakuna anayeweka dole gumba kwenye jambo la nusu."

Halafu akafanya jambo. Mwanamke yule, na jeuri yake yote, akaikumbatia trei tupu kifuani, uso wa trei ukiwaelekea watu, akakatiza katikati ya turubai kutoka nyuma mpaka mbele. Akasimama mbele ya mshenga, akamkata kauli.

"Baba, samahani. Ulichukua chai hukuangalia trei. Hii ameitengeneza mke wa kaka yangu, mwanzo mpaka mwisho. Na sahihi yake hii hapa."

Akamtaja jina lake. Lile la kweli, alilozaliwa nalo. Siku ile wageni wengi ndiyo kwanza wanalisikia. Na mama yetu, kule nyuma, mikono mitupu, alisimama wima, hakuinama na hakulia. Alikuwa na fahari, wapendwa, na nasema alistahili.

Sasa turudi kwetu sisi.

Sisi tunaoingia humu kila wiki tumependeza, vikombe vimepangwa, kuna kimoja kila mtu amekikalia. Hakinyanyuliwi. Tunakuja nacho na tunarudi nacho. Tumeshatunga na uongo wa kukilinda, tumeshachagua na mtoto wa kumsingizia. Tunafikiri watu wakiona pale watasema tumeharibika. Je, na kama pale ndipo palipo na sahihi? Mungu hakutungoja tukauke, ndugu zangu. Alitugusa tukiwa wabichi, tunanata, kwa sababu alifurahia kazi yake. Yeye haionei haya ile alama, na sisi tunaifunika na kisahani!

Nanyi mliowapa watu majina, nami nimo. Mama yule alitengenezwa kuwa mzima siku zote, na sisi tulikuwa tunamwita kwa kipande. Wifi aligeuka ndani ya kikombe kimoja cha chai. Wewe unahitaji birika ngapi?

Simameni tuombe. Na ukitoka, pale mlangoni utakutana na mtu uliyempa jina. Usimwombe msamaha kwa maneno marefu. Mwite jina lake.