Gari Linalonusa Mafuta

Wazee waliosema kwamba njia ya mwongo ni fupi hawakuwa na magari. Walimaanisha tu kuwa uwongo haumfikishi mtu mbali, kwamba atakwama kabla ya kufika aendako. Kyule wa mtaa wa Tena aliyapima maneno yao kwa magurudumu manne, na mpaka leo sijui nimcheke au nimwonee huruma.

Kyule alikuwa dereva wa teksi na mwota ndoto. Tangu alipompenda Muthoki, kila asubuhi alipoingia Barabara ya Jogoo, ukungu ukiwa bado umeilalia lami, aliwaona mbuzi watatu weupe wakielea mbele ya gari lake. Hao walikuwa mbuzi wa ntheo, wale ambao Wakamba hupeleka nyumbani kwa msichana ili ijulikane kwamba ameolewa. Lakini karibu kila alichochuma kilimezwa na tangi la mafuta. Mbuzi wakaendelea kuelea.

Siku moja Ngigi, fundi wa kando ya barabara kule Buruburu, alimwonyesha kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye nyaya mbili zilizofungwa utepe mweusi.

"Niaje, Kyule. Hii tunafunga kwa sensa, ile inapima joto ya hewa," alisema Ngigi. "Inaambia injini hewa imekuwa moto, injini inapunguza mafuta. Gari itakuwa inanusa tu."

"Na hewa ikiwa baridi?"

"Si ndio tunaidanganya, buda!"

Kyule alicheka, kidude kikafungwa. Wiki ile aliendesha polepole kama aliyebeba trei za mayai, na kweli mshale wa mafuta ulishuka kwa uvivu. Hakufikiri kwamba ni mguu wake uliobadilika. Aliota akifika mwisho wa dunia kwa harufu ya petroli, na mbuzi wale wakamkaribia hadi akaona pembe zao.

Muthoki hakuwa mtu wa kumezeshwa lolote. "Jaza tangi mpaka juu," alimwambia. "Endesha vile umezoea, wiki moja na hiyo kitu, ujaze tena. Halafu uitoe, ufanye vilevile. Utaniambia ukweli."

Kyule alifanya hivyo. Kiwepo kidude, kisiwepo, tangi lilidai mafuta yaleyale. Akarudi kwa Ngigi mbio.

Ngigi alijikuna kichwa. "Kuna sensa ingine kwa ekzosi. Hiyo inaangalia moshi, ikiona mafuta imepungua inaambia injini iongeze. Imetushtukia, buda."

Chuma kilikuwa kimeugundua uwongo kabla ya mwenyewe. Hapo Kyule angesema kweli, yakaisha. Lakini alishajigamba mtaa mzima, akaona haya, na mbuzi wake walikuwa wameanza kufifia ndani ya ukungu. Alikirudisha kidude mahali pake.

"Imepungua nusu," alimwambia Muthoki. Moyo ulimuuma alipoona anavyofurahi.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, Kyule alimkuta mamake Muthoki ameshaketi kiti cha nyuma, na Muthoki mwenyewe mbele. Mama huyo, aliyeitwa Mama Nthambi, alikuwa mjane aliyeuza vitambaa Eastleigh. Alikuwa amesikia kuhusu gari linalonusa tu, naye akaamua liwapeleke Kangundo kwa shemeji yake, Mzee Matheka, aliyepaswa kutaja siku ya kupokea mbuzi. Mzee alikuwa akisafiri alasiri hiyohiyo kwa mwanawe, na asingerudi mpaka baada ya mavuno.

Tangi lilikuwa karibu tupu. Lakini kwa desturi ya Wakamba, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa haya nyingi. Hawatazamani usoni, hawaongei ovyo. Kyule alikiinua kioo cha ndani kisimwonyeshe mama, kikabaki kumwonyesha mawingu. Basi alisafiri akitazama mawingu yakigeuka kuwa mbuzi, na mbuzi kuwa mawingu, akasahau kuogopa.

Walipofika Ruai, taa ya mafuta iliwaka. Kituo cha mafuta kilikuwa mkono wa kushoto.

"Si tuweke mafuta?" Muthoki aliuliza.

Kyule alihisi masikio ya mama nyuma ya shingo yake. "Hii? Itafika na irudi," alisema, akakipita kituo.

Mbele ya Joska, palipoanza kupanda, gari lilikohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Upepo ukasikika majanini. Kundi la mbuzi likavuka barabara, mbuzi wa kweli, wa rangi ya vumbi, na mmoja wao akalinusa gari na kwenda zake. Kyule aliwatazama mpaka wa mwisho, machozi yakamlengalenga.

Alifungua boneti, akakichomoa kidude, akakiweka kwenye kiganja cha Muthoki.

"Haikupunguza hata tone," alisema. "Nilijua. Nikakudanganya."

Muthoki alikitazama, akakifumbata. Simu ya mamake ikalia. Mzee Matheka hakuweza kungoja zaidi, basi lilikuwa linaondoka. Mama Nthambi alisikiliza, akaitikia, akakata. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alisema na Kyule moja kwa moja, macho yake yakiwa kwenye vilima.

"Kijana, mbuzi tungekungojea hata miaka. Hakuna aliyekuuliza gari lako linakula nini."

Kyule alitamani ardhi immeze. Alitoa mtungi wa plastiki kwenye buti, akaanza kurudi kwa miguu kuelekea kituo alichokipita. Muthoki alibaki amesimama kando ya gari, mkono ameufumba, na hakumfuata. Mbele ya Kyule barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, wala hapakuwa na chochote kilichoelea juu yake.

Mama Nthambi aliegemea kiti, akakitazama kile kioo kilichojaa mawingu, akasema taratibu, "Njia ya mwongo ni fupi."