Aliyelitazama Shamba la Bi Leokadia

Kuku walikuwa saba. Nina uhakika, kwa sababu niliwahesabu mwenyewe, mmoja mmoja, wakiwa wanakula mpunga niliowekwa niulinde.

Ilikuwa saa nne asubuhi, nyumbani kwa shemeji yangu Gaudensia, siku moja kabla ya komunyo ya kwanza ya binti yake. Gaudensia na mdogo wake Imelda walikuwa wanapepeta mchele wa sherehe. Jirani yao, Yordani, alikuwa anapasua kuni. Na mimi, mtu mzima mwenye kitambi na pasipoti mbili zilizojaa mihuri, nilipewa kiti, fimbo, na mkeka wa mpunga ulioanikwa juani. Nikaanza kumsimulia Yordani nilivyopotea bandarini Napoli nilipokuwa mpishi wa meli. Nilipofika pale polisi waliponivua viatu, mkeka ulikuwa umebaki nusu.

"Shemeji!" Gaudensia alisimama na ungo wake mkononi. "Si tulikuweka hapo uangalie mpunga?"

"Nimeuangalia, shemeji. Sikubandua macho."

"Na hao kuku?"

"Nao nimewaangalia. Yule mwekundu ana njaa sana."

Imelda alicheka mpaka mchele ukamwagika. Nikaona nisipojitetea haraka, hadithi hii itanifuata mpaka kaburini. "Kwa Kiswahili nimekosa," nikasema. "Ila kwa Kilatini sina kesi."

"Haya, padri aliyeshindikana ameanza," akasema Imelda.

Ni kweli, seminari ilinivumilia miaka miwili, kisha ikanipa nauli. Lakini Padri Aluisi, mzee aliyetufundisha Kilatini, aliniachia kitenzi kimoja ambacho nimezunguka nacho Lubumbashi, Beira, mpaka huko Napoli, na bado sijapata pa kukitua. Kitenzi chenyewe ni *tueri*. Kwanza kabisa ni kutazama, kukaza macho kwenye kitu. Lakini Warumi walikitumia hichohicho kwa askari anayelinda mpaka, kwa mtu anayetunza jengo paa lisivuje, na kwa yule anayelisha watu wake. Halafu kina umbo la kutendwa na huku kinatenda, kama mtu aliyekuja harusini na nguo za msiba na ndiye anayeongoza kucheza. Siku ile tulimuuliza Padri, sasa katika watu hao wote, nani hasa anatazama? Alifuta ubao, akakaa juu ya meza, akatusimulia hadithi hii.

"Ni ndefu?" akauliza Gaudensia.

"Endelea kupepeta, shemeji. Utasikiliza kwa masikio, si kwa ungo."

Hapo zamani, kabla lami haijafika bondeni na kabla mimi sijajifunza kutia chumvi, palikuwa na mjane aliyeitwa Bi Leokadia. Alikuwa na shamba moja la mpunga na watoto watatu. Shamba lilikuwa zuri. Taabu ilikuwa ndege, wale kwelea wadogo wanaokuja kwa maelfu. Wakitua asubuhi, mchana unakuta majani matupu. Kwa hiyo mpunga ukishatoa masuke, watu walijenga dungu, kile kichanja kirefu cha miti, wakaamia, yaani wakafukuza ndege, tangu jua linachomoza hadi linazama.

Bi Leokadia aliliamia shamba lile miaka thelathini. Mwaka huo macho yakamwisha. Akawaita wanawe.

"Mimi sioni tena," akawaambia. "Tukiukosa mpunga huu, hatuli mwaka mzima. Tukiuokoa, shamba nitampa mmoja wenu, yule atakayekuwa amelitazama. Sitalikata. Vipande vitatu havitamlisha mtu."

Otmari, mkubwa, alikuwa na macho makali kama mwewe, lakini mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni. Akapandishwa dunguni, akatazama. Filomena, wa pili, alikuwa haoni hata hatua ishirini mbele yake, lakini kombeo lilimjua mkono. Akaingia kwenye mpunga, akafukuza. Kasiani, wa mwisho, akabaki nyumbani na mama yao, akapika.

Siku ya kwanza Otmari alitazama, Filomena alifukuza, Kasiani alipika. Siku ya kumi Otmari alitazama na macho yamekuwa mekundu. Filomena alifukuza na sauti imekauka. Kasiani alipika, akamwogesha mama, akamshika mkono kwenda chooni na kurudi, akabeba uji mpaka shambani, akarudi mbio. Siku ya ishirini, vivyo hivyo.

Siku ya ishirini na tisa, masuke yameshainama, Otmari akaona vitu viwili kwa mara moja. Upande wa mtoni aliona wingu la ndege ambalo bonde lile halijapata kuliona. Upande wa nyumbani aliona moshi. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi wa paa la nyasi.

Macho alikuwa nayo mawili, mdomo mmoja. Akapiga kelele: "Ndege! Filomena, ndege!"

Filomena akakimbia. Alirusha mawe mpaka kombeo likakatika. Akarusha udongo kwa mkono. Akavua kanga ya mabegani, akaipunga huku akilia bila sauti. Katikati ya hayo, pua yake ikapata harufu ya moshi. Hakuuliza unatoka wapi. Akaendelea kufukuza.

Kasiani alikuwa kisimani. Aliporudi, paa linawaka na mama yumo ndani. Akajimwagia ndoo nzima ya maji, akaingia, akatoka na mama mgongoni. Mama hakupata hata lengelenge. Mikono ya Kasiani iliungua mpaka viwikoni.

Ndege wakaondoka na njaa yao. Mpunga ukabaki umesimama. Nyumba ikaisha yote, na vyote vilivyokuwemo. Filomena akambeba Otmari mpaka nyumbani, na palepale, majivu yakiwa bado ya moto, mama yao ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, wakaanza.

"Shamba ni langu," akasema Otmari. "Siku ishirini na tisa sijasinzia. Nisingeona, mngefukuza nini? Moshi niliuona, sikatai. Lakini nilijua Kasiani yuko nyumbani. Nilimwamini."

"Ndege gani alikimbia kwa sababu umemtazama?" akasema Filomena, sauti kama mtu anayekwaruza sufuria. "Walikimbia mawe yangu. Shamba ni langu. Na ningeacha kazi nikafuate moshi, sasa tungekuwa na mama na hatuna cha kumlisha."

"Mimi sijaona hata ndege mmoja," akasema Kasiani. "Lakini nani kati yenu angekaa shambani hata siku moja, mama akiwa peke yake? Mliweza kutazama juu kwa sababu mimi nilitazama nyumbani. Shamba ni langu."

"Na moto ulikuwa wa nani?" akauliza Otmari. "Ulimwacha kipofu na moto, ukaenda zako kisimani!"

"Nilikwenda kuchota maji ya uji wako!"

Bi Leokadia alikuwa anageuza uso huku na huku, akifuata sauti zao.

Hapo ndipo Padri Aluisi aliposhuka mezani, akatuuliza. Nami ninawauliza ninyi. Macho yalikuwa ya Otmari. Jasho lilikuwa la Filomena. Mikono iliyoungua ni ya Kasiani. Je, ni nani kati yao aliyestahili kupewa shamba?

Yordani alikuwa ameshaweka shoka chini. "Otmari. Kazi ya mlinzi ni kuona. Mengine ni ya wengine."

"Otmari gani?" Imelda akamgeukia. "Mtu aone nyumba inaungua na mama yake kipofu yumo ndani, apigie kelele ndege? Huyo hata jembe nisingempa. Apewe Kasiani."

"Kasiani aliyechoma nyumba?"

"Kaka Yordani, wewe umeuguza nani maishani mwako? Umewahi hata kumpikia mtu uji?"

"Basi Filomena."

"Filomena alisikia harufu ya moshi!"

Nikafurahi. Niliposimulia hadithi hii Beira, mabaharia wawili walishikana mashati, na mmoja wao hakujua Kiswahili. Lakini Gaudensia hakuacha ungo wake. Alipepeta, akapuliza makapi, akapepeta tena.

"Shemeji," nikamwita. "Na wewe unasemaje?"

"Umesema nyumba iliungua yote?"

"Yote."

"Na hao wanagombea shamba hapohapo kwenye majivu?"

"Hapohapo."

"Usiku ule mama yao alilala wapi?"

Hadithi hii nimeisimulia bandari nne, na humo mote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. "Padri hakusema," nikajibu.

"Basi asipewe mtu," akasema Gaudensia.