Tundu la Nje

Chumvi ya bahari haina mguu, haina mkono, wala haina meno. Lakini niambieni, akina mama, na nyinyi wanaume mnaosikiliza nyuma ya pazia mkijifanya hampo: ni chuma gani cha mji huu ambacho chumvi haijakila? Bawaba inaila. Kufuli inaila. Nondo za dirisha zinamomonyoka kama mkate wa juzi. Bahari inapumua, na pumzi yake haionekani wala haisikiki, na hajazaliwa aliyeiambia rudi ikarudi. Nayo ni kiumbe tu, haijawa Muumba. Lifikirini hilo kidogo, halafu niwape habari za bwana mmoja.

Bwana huyu alijenga mbele ya bahari, kwenye kiwanja cha babu zake. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningesema. Alikuwa na mke, alikuwa na gari, na alikuwa na mama yake mzazi, ajuza mwenye ulimi kama kisu cha kuparia samaki. Na pale kwao palikuwa na kitu kisichokuwa chao: jeneza la mtaa. Babu wa babu yake ndiye aliyelichonga, na tangu siku hiyo likakaa ghalani kwao, nyuma ya mlango wa mbao za msaji.

Mlango ule haukuwa na kitasa. Ulifungwa kwa kamba ya usumba, fundo moja, basi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye msiba hapigi hodi. Anakuja, anafungua, anachukua, anakwenda kumzika mtu wake. Akirudi amelisafisha, anafunga fundo lake na kwenda zake, na wenye nyumba huenda wasijue hata alikuwa nani. Kila Alhamisi yule mama aliupaka mlango mafuta ya nazi, na chumvi ikaulamba miaka na miaka ikiteleza.

Bwana akalibomoa ghala. Akajenga banda la gari la mawe na zege, na mlango wa chuma wa kupanda juu wenyewe, mtu amekaa garini na rimoti mkononi. Jeneza akalitundika ukutani humo humo, juu ya gari, ili skrubu zake zisiliwe na chumvi. Nia njema hiyo, msiibeze. Mlango wa msaji akaufanya paa la banda la kuku.

Kilichobaki ni kuchagua mota ya kuuvuta huo mlango. Hapo ndipo usingizi ulipomruka, maana alikwishasikia nyumba ngapi za ufuoni zilifunga mota, na mwaka haukuisha mota ikafa na gari ndani. Akamwita fundi. Fundi akaja na fuko lake, akatoa kipande cha mnyororo alichokifungua kwenye nyumba ya safu ile ile, mnyororo wa mota ya mwaka juzi, akakiweka kwenye kiganja cha bwana. Bwana akafumba vidole. Alipovifumbua palikuwa na unga mwekundu.

Akakitazama kiganja chake. Akaitazama bahari, nayo siku hiyo ilikuwa imetulia kama maziwa kwenye bakuli.

"Hapo imepumua tu," fundi akamwambia. "Haijakasirika."

Kuanzia siku hiyo bwana akawa mtu aliyeona jambo. Akitembea ufuoni alitembea taratibu, kama anayepita mbele ya mlango wa mkubwa. Mota aliichagua kwa miezi miwili. Ya mnyororo aliikataa asubuhi ile ile. Akataka ya mkanda wa mpira. Skrubu za aina tatu alizitia katika glasi tatu za maji ya bahari, akaziweka juu ya dari la nyumba siku arubaini, na kila asubuhi alipanda kuzikagua, mkewe chini akiuliza kama zimeshaanguliwa. Aina moja tu ilitoka inang'aa. Akasema hizo. Akataka kasha la mota liwe na mpira kwenye mfuniko wake, na ndani kuwe na betri, ili umeme ukikatika mlango usijue. Kila alichouliza aliuliza vizuri. Mimi simcheki. Ni wangapi kati yetu tumechagua hata mume kwa makini hayo?

Siku ya kufunga, fundi akasema limebaki jambo moja. Banda halina mlango mwingine. Kamba ya kuuachanisha mlango na mota iko ndani, na mtu yuko nje. Kwa hiyo atoboe tundu dogo kwenye mlango, atie kitasa kidogo, kamba ipite humo. Rimoti ikipotea, au mwenyewe akiwa safarini, mtu wa nyumbani anazungusha ufunguo, anavuta, anainua mlango kwa mkono.

"Tundu?" bwana akasema. "Nimehangaika miezi miwili niizibe chumvi, leo unitobolee tundu?"

Mama yake alikuwa barazani akimenya muhogo. Hakuinua kichwa. "Tundu hilo si la chumvi, baba. Ni la mtu."

Bwana akamjibu kwa adabu kwamba rimoti ziko mbili, yake na ya mkewe, na mtu atafunguliwa saa yoyote. Mama akauliza, na yeye je? Bwana akacheka, akasema mama akipewa ataitia kwenye kijaluba cha tambuu, aitafune pamoja na chokaa.

"Unauliza upepo unapitia wapi," mama akasema, "huulizi mtu atapitia wapi." Akaendelea na muhogo wake. Na tundu halikutobolewa.

Basi mlango ukafanya kazi, na mngeuona mngesema subhanallah. Haukulia wala haukutetemeka. Ulipanda kama pazia linaloinuliwa na mkono usiouona. Katika miezi saba walifiwa watu wawili pale mtaani, na mara zote mbili bwana alitoka na rimoti, akabonyeza, na waliokuja kuchukua jeneza wakasimama midomo wazi, msiba ukawatoka kwa kitambo. Kutu haikuonekana hata chembe. Bwana akapitisha kidole kwenye skrubu, akakitazama kidole, kikawa safi. Akahisi, na hili hakumwambia mtu, kwamba ameishinda bahari.

Ikatokea arusi Pemba, kwa ndugu za mkewe. Wakaondoka wawili, kila mmoja na rimoti yake, maana vitu vyenyewe vimo kwenye shada la funguo, nani huacha funguo zake? Mama akasema yeye meli inamtapisha, atabaki na kuku wake.

Siku ya tatu, bwana yumo kwenye shughuli, pilau iko mbele yake, simu ikalia. Ni jirani. Akamwambia mama amesali dhuha, amekaa barazani, na hapo alipokaa ndipo alipoitwa. Hakuugua, hakuita mtu. Wanawake wameshamkosha. Ameshavikwa sanda. Kabla jirani hajaendelea, bwana akajua kinachofuata: jeneza.

Akasema vunjeni. Jirani akamjibu wamepiga nyundo tangu saa nne, wamechokonoa kwa mtaimbo, na aliyekuja na mashine ya kukatia chuma hana umeme, umekatika. Wametuma watu mtaa wa pili. Jeneza la huko limeshatangulia na maiti wao.

"Mlango umenunua mzuri, bwana," jirani akasema. Hakusema kwa dhihaka. Ndiyo maana maneno yalimchoma.

Mwajua bwana alifanya nini? Alitoka nje, akasimama mbele ya bahari, akaitoa rimoti mfukoni, akaielekeza kule ng'ambo, akabonyeza. Akabonyeza tena. Mtu mzima na ndevu zake, na kati yake na ule mlango maji yasiyopimika. Taa ndogo ya rimoti ikawaka, nyekundu, kama ilivyoahidi. Na bahari mbele yake ikapumua.

Meli ya siku hiyo ilikuwa imekwishaondoka. Maiti hasubirishwi. Alipofika kwao kesho yake, mama alikuwa na usiku mmoja chini ya ardhi.

Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya banda, akabonyeza. Mlango ukapanda kwa utiifu, bila mlio. Jeneza lilikuwa pale pale ukutani, kavu, safi, skrubu zinang'aa kama siku ya kwanza. Akaenda nyuma. Banda la kuku halikuwa na paa. Mlango wa msaji ulikuwa umeegemezwa ukutani, umesuguliwa ukatoka kinyesi cha kuku, ukaoshwa, unanukia karafuu maiti. Na katikati, pale ambapo mkono wa mama ulipita na mafuta ya nazi kila Alhamisi, mbao zilikuwa nyororo kama ngozi ya mtu. Wanaume wanane walimbeba juu yake. Mlango aliouangalia miaka yote ndio uliompeleka.

Bwana akaweka kiganja juu ya mbao zile. Ni kile kile kilichoshika unga mwekundu. Alikaa hivyo hata wanaume waliokuja kumpa pole wakasimama mbali kidogo, kama mtu asimamavyo pasipokuwa mahali pake.

Kisha akampigia fundi simu. Akamwambia, "Njoo utoboe."

Fundi akasema, "Chumvi itaingia, bwana."

"Iingie."

Sasa jigeukieni wenyewe, maana nimemaliza habari zake na ninaanza zetu.

Mlikuwa mnangoja niwaambie ile mota ilikufa, sivyo? Mliitaka ioze, ili mseme, umeona, ndiyo mambo ya kisasa. Haikufa. Mpaka leo inafanya kazi. Chumvi haikuingia, na jeneza halikutoka. Mambo yote mawili ni kazi ya mlango mmoja.

Sisi tunaomba tukingwe. Tunaziba kijicho, tunaziba maneno ya watu, tunaziba hasara, na kweli tunakingika. Lakini hatujiulizi tumetundika nini humo ndani kisichokuwa chetu. Wewe unayejua kuosha maiti kuliko wote hapa, na hujamfundisha hata binti mmoja kwa sababu unapenda kuitwa, ufunguo wako uko wapi? Na wewe ambaye ndugu yako mwaka wa sita anatafuta pa kuanzia akuombe radhi, anauzunguka ukuta wako kama mwizi, haoni hata pa kutia kidole? Umekuwa imara. Hongera. Mlango umenunua mzuri.

Alichotupa Mola ametupa tukitunze, na wenyewe watakuja kukichukua, na hawatapiga hodi. Huenda siku hiyo tuko arusini. Huenda wanaokuja wamekuja kwa ajili yetu.

Haya, inukeni, adhana hiyo. Na atakayetoka wa mwisho aufunge huu mlango kwa kamba, asitie kufuli. Fundo moja linatosha.