Simba Alipoacha Kushika Ngazi

Paukwa!

Pakawa!

Eti nini? Mmeitikia kama mnaumwa meno. Watoto wametoa sauti, watu wazima wamekaza midomo, wanajifanya hadithi si zao. Hii ni yenu wote, na ninyi watu wazima hasa ndio naitaka iwaingie. Paukwa!

Pakawa!

Ahaa. Sasa nimesikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mfalme na baraza, palikuwa na nchi iitwayo Mbugani. Upande wake mmoja lilipita korongo, na ng'ambo ya korongo ilikuwa nchi ya fisi. Katikati ya Mbugani palisimama ghala. Ghala la juu, limewekwa kwenye nguzo ndefu, mchwa asifike, panya asifike. Ndani mtama. Mtama wa wote.

Ghala lile lilikuwa na desturi yake. Kulifungua kulitaka wawili. Simba, mfalme, ashike ngazi. Nyani, mkuu wa baraza, apande afungue mlango. Kwa nini? Wazee wa Mbugani wangekwambia hivi: mfalme akipanda peke yake atasema chote ni chake, na nyani akipanda peke yake, jamani, nyani ni nyani. Basi mmoja anashika, mwingine anapanda. Simba ameshika, Nyani amepanda, ghala limefunguliwa, kila mfanyakazi wa nchi anachota. Sheria imekwisha.

Wafanyakazi walikuwa wengi. Wapo waliochimba visima, wapo waliofagia njia. Na mpakani, ukingoni mwa korongo, walikaa kanga. Kazi yao kutazama na kupiga kelele. Na kwa kelele, kanga mwachie mwenyewe. Fisi akichomoza pua tu, kekekekeke! Nchi nzima imejua.

Katika kanga hao alikuwamo mama mmoja, tumwite Bi Kanga. Alikuwa na vifaranga watatu. Wa mwisho alikuwa mdogo, mdogo, miguu njiti tupu, wakamwita Tone. Kilikuwa kiangazi. Ardhi ya mpakani ilikuwa kavu, ukiparua unapata vumbi, ukiparua tena unapata vumbi. Malisho yalikuwa mbali huko bwawani, na mlinzi haruhusiwi kuacha zamu. Kwa hiyo Bi Kanga na wanawe waliishi kwa mtama wa ghala. Wakipata mtama, wanaishi. Wasipopata, hawaishi.

Sasa sikilizeni wakubwa walivyofanya.

Siku moja baraza lilikaa. Simba akanguruma, grrrr! Akasema, "Nataka ua. Ua wa miiba, kuanzia kilimani hadi bwawani, fisi wasipite. Mtama wa ghala uwalishe wajenzi."

Nyani akajikuna kwapani. "Ua wa nini, Mfalme? Kanga si wapo?"

"Juzi fisi ameonekana sokoni!"

"Fisi yule alialikwa harusini kwa kina ngiri. Kaingia mchana kweupe, kaja na zawadi mkononi. Harusi imekwisha, hataki kurudi kwao. Ua ungemzuia vipi huyo?"

"Ua!"

"Hakuna ua!"

"Basi sishiki ngazi."

"Nawe usiposhika, mimi sipandi. Tutaona nani atachoka."

Simba akakaa upande huu wa ngazi. Nyani akakaa upande ule.

Eti tutaona nani atachoka! Hivi nyie mnanielewa? Simba hali mtama. Simba anakula nini? Msiniulize, hapa wapo swala wanasikiliza. Na Nyani ana mabungo yake, ana ukwaju wake, shavu limetuna. Wote wawili wameshiba ndi! Wanangojana nani achoke.

Hondohondo, mpiga mbiu, akaruka nchi nzima. Hoo! Hoo! Hoo! "Kazi zimefungwa! Mchimba kisima, nenda nyumbani! Mfagia njia, nenda nyumbani!" Akafika mpakani. "Kanga, nyie bakini. Nyie ni wa lazima."

Bi Kanga akainua shingo. "Kaka Hondohondo, wa lazima ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba hamwondoki."

"Na mtama wetu?"

"Mtama hakuna. Ghala limefungwa."

"Ngoja kwanza. Aliyerudishwa nyumbani si wa lazima?"

"Ndiyo."

"Naye anaweza kwenda bwawani kutafuta chakula?"

"Ndiyo, yuko huru."

"Na mimi niliye wa lazima nikae hapa nisile?"

Hondohondo akafungua mdomo wake mkubwa. "Bi Kanga, mimi ni mpiga mbiu tu," akasema, akaruka zake, pu-pu-pu.

Bi Kanga akabaki anazungushazungusha kichwa. Akaliweka lile neno huku, akaliweka kule, halikai. Akasema labda mimi ndiye sijaelewa, wakubwa wana hesabu zao. Akalinda.

Akalinda kutwa. Vifaranga wakalia, piyo, piyo, mama mtama. Akawaambia, kesho. Kesho ikaja, haikuja na mtama. Piyo, piyo, mama mtama. Kesho. Akiwa anatembea ukingoni akawaimbia:

*Wanangu lieni polepole,*
*mtama uko juu, mtama uko juu.*
*Wakubwa wanazungumza,*
*mtama uko juu.*

Wale vifaranga wakubwa wawili wakaitika. Tone naye akafumbua mdomo aitike, sauti haikutoka. Bi Kanga akaogopa. Akamwomba mwenzake wa jirani amtazamie zamu, akaenda mbio hadi ghalani.

"Shikamoo, Mfalme."

"Marahaba! Bi Kanga! Shujaa wangu!" Simba akamkumbatia, karibu amvunje mbavu. "Haya yote nayafanya kwa ajili yako. Wewe na wanao mlale salama, fisi asiwaguse."

"Ahsante, Mfalme. Mwanangu mdogo hawezi kusimama. Naomba mtama kidogo."

"Kamwambie Nyani."

Akazunguka ngazi. "Shikamoo, mzee Nyani."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana! Haya yote nayafanya kwa ajili yako. Mtama wako usiende kuliwa na miiba."

"Ahsante, mzee. Basi naomba huo mtama wangu."

"Kamwambie Simba."

Akamtazama Simba. Akamtazama Nyani. Wote wawili wanamtetea yeye, na yeye ndiye mwenye njaa! Alirudi mpakani akijigonga kwenye vichaka, njia haioni vizuri. Kila akidhani ameelewa, anaona hajaelewa.

Hata hivyo, hayo yalikuwa madogo. Ngojeni.

Simba akaanza kuwaza: huyu Nyani ana mikono mirefu, nikisinzia atapanda peke yake. Nyani naye akawaza: huyu Simba ana nguvu, nikisinzia ataibeba ngazi aende nayo kwake. Simba akamwita Hondohondo. "Niletee walinzi waje kunilindia ngazi!" Nyani akamwita Hondohondo. "Niletee na mimi!"

Na walinzi wa nchi ni nani? Kanga. Na kanga wako wapi? Mpakani. Hoo! Hoo! Hoo! "Kanga wote, ghalani! Nusu kwa Simba, nusu kwa Nyani!"

"Na mpakani anabaki nani?" akauliza Bi Kanga.

"Mpaka hauna miguu, utaukuta."

"Na wanangu? Hawawezi kutembea."

"Amri ni amri, Bi Kanga."

Akawafunika wanawe kwa majani makavu, Tone akamweka katikati apate joto la wenzake. "Msitoke. Msilie. Huko ninakokwenda ndiko uliko mtama, nitarudi nao." Akaenda, anageuka nyuma, anaenda, anageuka nyuma.

Mliona wapi mambo haya? Ugomvi ni wa kulinda mpaka, na mpakani hayupo hata mmoja. Wote wako chini ya ngazi, wanalindana wao kwa wao. Harufu ya mtama inawashukia puani. Nyani akijikuna, kanga wa Simba, kekekeke! Simba akipiga mwayo, kanga wa Nyani, kekekeke! Aliyepita angedhani ni ngoma.

Mchana wa jua kali, Bi Kanga akasikia sauti kwa mbali. *Hii, hii, hii.* Akakaza sikio. *Hii, hii, hii.* Kicheko cha fisi, kinatoka upande wa korongo, upande wa wanawe! Akaruka juu.

"KEKEKEKEKE! KEKEKEKEKE!"

Simba akashtuka. Akadhani Nyani ameanza kupanda. Akairukia ngazi, akaikamata kwa makucha yote. Nyani alipoona hivyo akadhani Simba anaiba ngazi. Akaruka, pa, pa, pa, akapanda aizuie kwa uzito wake, akapanda hadi juu kabisa, akajishikilia kwenye komeo la mlango.

Wanyama waliokuja mbio kwa kelele hizo wakatazama. Simba ameshika. Nyani amepanda.

"Ghala limefunguliwa!" akapiga kelele ngiri mmoja. "Sheria ni hiyo! Kashika! Kapanda!"

"Sikushika ili afungue!" akanguruma Simba.

"Sikupanda ili nifungue!" akalia Nyani. Lakini komeo limemjia mkononi, na mlango huo, waaa! Mtama ukamwagika kama mvua ya masika. Watu wakavamia, wengine wanachota, wengine wanaulalia kabisa. Kumbe siku zote hizo lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua.

Bi Kanga hakula hata punje. Alijaza mdomo mtama akakimbia. Mbio, mbio, miiba inamchana, mbio. Akafika ukingoni, akamwona fisi ameketi kando ya kiota chake, ametulia.

Alitaka kupiga kelele. Mdomo umejaa mtama! Akipiga kelele mtama unamwagika, asipopiga fisi anakula wanawe. Akautema wote chini. "KEKEKEKEKE!"

Hakuja mtu. Watu wanakula.

"Mama, acha kelele," akasema Fisi. "Sijagusa kitu."

Majani yakatikisika. Wakatoka wawili, wanayumba, wakaanza kudonoa ule mtama uliomwagika. Bi Kanga akangoja wa tatu. Akangoja. Akafunua majani.

Tone alikuwa amelala, amekuwa baridi.

"Umemuua!"

"La, mama. Mtazame vizuri. Hana jeraha." Fisi alisema kwa sauti ya chini. "Sikufichi, nilivuka nije kuwala. Nilisimama ng'ambo nikangoja makelele yenu, nikaona kimya, nikavuka. Nikafunua majani nikamkuta huyu mdogo ni mifupa mitupu, ameshakufa. Mwana wa mlinzi, kafa njaa, na harufu ya mtama naisikia hadi hapa. Nikashindwa kuelewa. Hata mimi fisi, nimeona haya."

Bi Kanga akakaa chini. Hakujua amlilie nani. Adui yake aliyefundishwa kumwogopa maisha yake yote ndiye huyu aliyekaa na maiti ya mwanawe, na rafiki zake wako wapi?

Rafiki zake hao wakaja, wanahema. "Nilisema mimi!" akanguruma Simba. "Fisi ameingia! Kungekuwa na ua haya yasingetokea!"

"Nilisema mimi!" akadakia Nyani. "Walinzi wapo, nani aliwaondoa mpakani?"

"Wewe!"

"Wewe!"

"Nyamazeni!" Bi Kanga alipaza sauti, na haikuwa ile ya kekekeke. "Mwanangu hakuuawa na fisi. Ameuawa na ghala lililojaa. Mmoja wenu angesogea hatua moja tu, leo mwanangu angekuwa analia piyo piyo hapa. Mlikuwa mnagombania usalama wake. Huyu hapa, mchukueni."

Simba akatazama chini. Nyani akaacha kujikuna. Ungedhani wameelewa. Kisha Simba akakohoa kidogo, akasema, "Lakini, ile habari ya ua..."

"Mnamwona?" akasema Nyani. "Mnamwona huyu?"

Wakaanza tena.

Bi Kanga hakungoja. Alimfukia mwanawe kwa makucha yake mwenyewe, akawachukua wale wawili, akashika njia ya bwawani. Kanga mwingine akamfuata. Na mwingine. Jua lilipoanza kupoa, ukingo wa korongo haukuwa na hata unyoya.

Fisi akabaki amesimama peke yake. Mbele yake nchi nzima i wazi, hakuna ua, hakuna mlinzi, hakuna wa kumwambia simama. Akatazama Mbugani, akatazama kwao. Akageuka, akavuka korongo, akarudi kwao.

"Nchi ambayo mlinzi wake analala njaa," akasema, "mgeni atakula nini?"

Haya. Naona kuna mtu mzima pale anataka kuniambia mambo ya tembo wawili na nyasi. Kaa nayo, baba. Nyasi hukanyagwa kwa bahati mbaya, tembo hawakuziona. Tone alionekana. Mama yake alikwenda, alipiga shikamoo, aliomba. Wakamwambia tunakupigania wewe.

Funzo lake ni hili, watoto mlishike na wakubwa mlimeze: anayetaka nyumba ilindwe, amlishe kwanza anayeilinda. Na wawili wakigombana, wasiweke rehani chakula cha mtoto wa mtu wa tatu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali asiniulize mimi, akamuulize Simba, naye atamwambia kamuulize Nyani.