Ukoko wa Harusi ya Zuwena

Bismillahi. Kabla sijafungua hadithi, nifungue kifua kwanza. Ukoko wa harusi ya Zuwena haukuliwa na paka. Niliula mimi, Mama Sikitu, kwa mkono wangu huu huu wa kulia, na paka wa watu nikamsingizia. Bi Nyamizi, mwenye paka, alimnyima maziwa mnyama yule, na mimi kila nikikutana naye uchochoroni alikuwa akinikazia macho kama shahidi mahakamani. Kwa Mola wangu nimetubu. Kwa paka nimepeleka dagaa. Lakini kosa langu limezaa kesi, na kesi hiyo mimi wa darasa la saba siiwezi peke yangu. Ndiyo maana nimewaita. Sogeeni. Anayechambua mchele achambue, anayenyonyesha anyonyeshe, mimi nataka masikio tu.

Mungu hugawa vipaji kama mama anavyogawa nyama: kila mtoto kipande chake, na kila mtoto anaona cha mwenzake ndicho kikubwa. Hapa mtaani kwetu Msufini, Bi Nyamizi alipewa ukweli. Neno likimfika mdomoni halirudi nyuma, hata mbele ya mkwe. Kaombwe, fundi baiskeli, alipewa kicheko. Huyo msibani huwa tunamkalisha mbali, maana akifungua mdomo tu tunapata dhambi. Na Zuwena, mshonaji wetu, binti aliyelelewa na mjomba wake, alipewa kuamini watu. Atakuazima cherehani yake leo, na wewe ndiwe uliyemvunjia sindano jana.

Kipaji cha nne kilikuwa cha Fundi Mrisho. Yeye alipewa moto. Pilau ya shughuli ukimkabidhi Mrisho, unaweza kwenda kulala. Mimi ndiye muosha mchele wake na mshika sinia, kwa hiyo nayasema niliyoyaona.

Mshika sinia ni nani? Sikilizeni hapo, maana kesi yote imekaa hapo. Msufini tuna desturi yetu. Pilau ya harusi ikishapakuliwa, mpishi huung'oa ukoko wa chini ya sufuria, mzima mzima, mviringo kama ungo. Haukatwi. Kuukata, wazee walisema, ni kukata baraka. Mshika sinia huupokea, mpishi humtaja mtu mmoja mbele ya watu wote na kusema kwa nini, na mshika sinia humpelekea. Anayetajwa hulikumbuka jambo hilo mpaka anazeeka. Shehe tulimuuliza kama desturi hii imo kitabuni. Alicheka, akasema haimo, ila haina madhara, na yeye mwenyewe hajawahi kutajwa.

Sasa, mwaka jana Fundi Mrisho aliunguza. Na hakuunguza kwa mtu mdogo. Ilikuwa harusi ya mtoto wa Mzee Kasongo, wageni wamejaa mpaka barabarani, pilau inafunuliwa, moshi unatoka kama tanuri la matofali. Ukoko wa siku ile ulikuwa mkaa mtupu. Wageni walikula kwa adabu, wanakohoa kwa adabu. Watoto hawakuwa na adabu, walipanda ukutani wakaimba, "Fundi moshi! Fundi moshi!"

Mrisho alikwenda nyumbani akautundika mwiko wake mkubwa darini, akafunga mlango. Msikitini alikwenda alfajiri tu, kabla nyuso hazijaonekana. Ramadhani ikapita, Idi ikapita, hatukunusa bizari yake. Tukigonga, sauti inatoka ndani: "Nimelala." Mkewe alituambia pale uani huku analia, "Jamani, mume wangu halali. Anakaa anatazama dari. Ananiambia nimtafutie kazi ya kulinda ghala, mahali ambapo hakuna watu." Mtu aliyekuwa akiimba kaswida huku anakaanga vitunguu! Hapo ndipo tulipoogopa. Tulikuwa tunampoteza mtu yu hai.

Wa kwanza kwenda alikuwa Kaombwe. Hakupeleka pole. Alipeleka sufuria. Alikuwa ameingia jikoni mwenyewe, akapika pilau kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaibeba kichwani mpaka mlangoni kwa Mrisho na kupiga hodi.

"Nimelala," sauti ikasema.

"Lala tu, Fundi. Mimi nimekuja na shida ya kitaalamu. Wewe uliunguza chini peke yake. Mimi nimeunguza chini, juu na ubavuni, na katikati mchele mbichi. Nataka unifundishe kuunguza kwa mpango."

Kaombwe akagonga mfuniko.

"Nimewapa kuku, Fundi. Jogoo amedonoa mara moja, akaenda kusimama mbali anatafakari maisha yake. Mke wangu kasema mfuniko tusiufunue, tuuzike hivyo hivyo. Nimekuja unisaidie kuchagua kaburi."

Tukasikia kitu ndani. Mwanzo tulidhani anakohoa. Kumbe anacheka! Anacheka na anajizuia, na kicheko kikizuiwa ndipo kinapopasua mbavu. Komeo likatoka. Mrisho akatokeza kichwa, ndevu zimejiotea zenyewe, akatazama ndani ya sufuria, akasema, "Subhanallah, Kaombwe, hii umeipikia kwa petroli?" Wakaanguka wote wawili kizingitini, wanashikana mabega na machozi yanawatoka.

Mlango ukawa wazi. Lakini kufunguka mlango ni jambo moja, kutoka ni jingine. Mrisho alianza kukaa barazani, na kila apitaye humweleza habari ile ile: alitupiwa jicho, husuda imejaa mjini, kuni zilikuwa za mti mbaya, sufuria ya kuazima ilikuwa na kisirani. Sisi tunaitikia, "Kweli kabisa, Fundi." Nami niliitikia. Nilijua ukweli na niliitikia, Mungu anisamehe na hilo pia.

Bi Nyamizi akapita na ndoo yake kichwani. Akasalimiwa, akahadithiwa jicho na kuni. Akaitua ndoo.

"Mrisho mdogo wangu, mimi nilikuwepo. Jicho halikuwepo. Uliipalia pilau, makaa juu ya mfuniko sawa, lakini moto wa chini hukuupunguza. Ulisema utaupunguza ukirudi. Ulikwenda wapi?"

Mrisho akainama.

"Nijibu. Ulikwenda wapi?"

"Dada Nyamizi, watu wanasikia."

"Na moshi waliusikia. Ulikwenda kupigwa picha na gari la bwana harusi! Ulivua aproni ukavaa koti la Mzee Kasongo, ukasimama unashika mlango wa gari kama lako. Hakuna jicho. Kuna miguu yako iliyoondoka."

Nilitamani ardhi inimeze. Mrisho alibadilika rangi, mkewe akatoka ndani amejishika kiuno, tayari kwa ugomvi. Lakini Bi Nyamizi akachuchumaa mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza basi, na usiniseme kwa watu kuwa nina roho mbaya. Kama ni jicho, huna la kufanya, utaunguza mpaka kufa kwako. Kama ni miguu, mbona nafuu? Miguu ni yako. Ikalishe chini."

Mrisho akaitazama miguu yake. Alikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Kisha tukamwona anasimama, anakwenda msikitini mchana kweupe, watu wakimtazama. Na jioni ile mkewe alinikimbilia: "Mama Sikitu, kaushusha mwiko darini! Anaufuta vumbi!"

Kuufuta mwiko vumbi, naam. Lakini mpishi wa shughuli bila shughuli ni mtu tu ameshika ubao. Nani angempa sufuria? Watu walimsalimia vizuri, wakamcheka kidogo, halafu harusi wanampelekea mpishi wa mjini mwenye majiko ya gesi. Hata mimi nilipomwoza mwanangu nilizunguka nyuma ya nyumba yake ili asinione. Ndiyo, na hilo nalo ni langu.

Ndipo Zuwena akachumbiwa. Mjomba wake, Mzee Lugusha, alikuwa amekwisha kuzungumza na yule wa gesi. Zuwena akaweka nguo aliyokuwa akishona, akasema, "Mjomba, mimi atanipikia Fundi Mrisho."

"Nani? Fundi Moshi?"

"Ndiye huyo."

"Mwanangu, harusi ya mtu ni moja. Wakwe wanatoka Nzega, kwenye mchele wenyewe! Unataka wakale kuni?"

"Wakiunguziwa watakula tende na maji, na nikahi itabaki halali. Harusi haivunjwi na wali, mjomba. Lakini asipopika yeye, mimi sipambwi. Mtanipeleka kwa mume na nywele zangu timtim hivi hivi."

Mjomba alimjua. Akakubali. Zuwena akaenda mwenyewe mpaka kwa Mrisho, akapiga magoti kama binti kwa baba, akasema, "Baba, nina siku moja tu maishani. Nimekuja kukukabidhi." Mrisho alijifunika uso kwa kofia yake, akakubali huku analia.

Siku ikafika. Nawaambia, sijapata kuosha mchele kwa dua nyingi namna ile. Mrisho alikaanga vitunguu vikawa rangi ya asali, akatia nyama, bizari ikapanda mpaka watu wakawa wanatoka nyumbani bila kuitwa. Akatia mchele. Maji yakakauka. Akapalia makaa juu ya mfuniko, na hapo hapo, kabla ya kunyoosha mgongo, akavuta kuni za chini zote. Akavuta kigoda. Akakaa.

Mpiga picha akaja mbio. "Fundi! Bwana harusi anakuita kwenye gari, mkapigwe picha!"

Jiko zima likamgeukia Mrisho. Bi Nyamizi akaacha kumenya matango. Kaombwe, nadhani kwa mara ya kwanza, akakatiza kichekesho chake katikati. Zuwena alikuwa dirishani na hina mikononi, anachungulia.

Mrisho akapiga kigoda chake kofi. "Mwambie bwana harusi aje yeye. Picha itapigwa hapa hapa, na sufuria iwemo."

Mnajua vigelegele? Vile havikuwa vigelegele, ilikuwa mvua ya mawe juu ya bati. Na bwana harusi akaja kweli, na koti lake jeupe, akachuchumaa penye majivu akapigwa picha.

Pilau ilifunuliwa, wakwe wa Nzega wakala wakaomba tena. Na ukoko! Ulitoka mzima, rangi ya dhahabu, unalia ukiugonga kwa kucha. Nikaupokea kwenye sinia. Mrisho akasimama kutaja jina. Akamtazama Kaombwe. Akamtazama Bi Nyamizi. Akamtazama Zuwena aliyekwisha kupambwa. Akashusha mwiko.

"Semeni wenyewe," akasema.

Lahaula! Kaombwe akaruka. "Kuna la kusema? Nani alifungua mlango? Mngemwambia ukweli wenu kupitia tundu la ufunguo?"

"Wewe ulimchekesha tu," Bi Nyamizi akamkata. "Angecheka, angetoka, angeunguza tena huku anacheka. Leo amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya nani?"

"Shangazi," Zuwena akasema kwa upole, na mjue mpole akianza kudai ana hoja, "ninyi mlitoa maneno. Mimi nilitoa harusi yangu. Ingeungua, Kaombwe angepata kichekesho kipya, wewe ungepata ukweli mpya. Mimi ningepata nini?"

Watu wakagawanyika. Wanaume wa baiskeli upande huu, wamama wa sokoni upande ule, mashoga wa bibi harusi wanapiga makofi. Mrisho akainua mikono: "Mimi wote watatu walinitoa shimoni. Aliye shimoni hajui kamba ipi ilivuta zaidi. Mshika sinia aamue."

Mshika sinia ni mimi. Na hapo hapo mvua ikashuka. Si mnajua wanavyosema, anayekula ukoko utotoni harusi yake hunyeshewa? Zuwena alikula sana. Watu wakakimbilia kwenye turubai, mimi nikabaki kwenye banda la jiko na sinia. Nikasema nimege kidogo pembeni, nionje chumvi. Chumvi ilikuwa sawa. Nikasema nihakikishe na upande wa pili.

Mvua ilipokatika, sinia lilikuwa tupu, nami nikamtaja paka.

Juzi nilikwenda kwa Fundi Mrisho nikakiri yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanihukumu: "Alhamisi napika maulidi, na ukoko wa siku hiyo ndio wa kulipia ule. Utalishika sinia wewe, Mama Sikitu, huku umefunga sunna. Na jina utalitaja wewe, na sababu yake, mbele ya wote watatu."

Basi nimepima usiku na mchana. Bila kicheko, mlango usingefunguka. Bila ukweli, angetoka na kosa lake limo mfukoni. Bila imani ya Zuwena, angekuwa mtu mwema asiye na sufuria. Nikikaribia kumpa mmoja, wale wawili wananijia moyoni, kila mmoja na haki yake mkononi. Na kuukata ukoko siruhusiwi.

Ungekuwa wewe ndiye uliyelishika sinia, ungeliweka mbele ya nani, na ungesema nini? Nawaomba mniambie kabla ya Alhamisi. Na mmoja wenu, tafadhali, aje asimame karibu yangu siku hiyo, mpaka ukoko umfikie mwenyewe.