Sultani Aliyetaka Kuletewa Usingizi

Hapo zamani, enzi za wakubwa waliovaa vilemba vizito juu ya vichwa vyepesi, palikuwa na mji uitwao Shungwi, na mtawala wake alikuwa Sultani Mwinyi Zubeiri. Bwana huyu alikuwa na sheria nyingi za kipuuzi, lakini moja ilizipita zote: mtu asithubutu kumpa mgongo yeye wala yeyote wa damu yake, na atakayefanya hivyo akatwe kichwa. Basi watu wakitoka barazani kwake walitoka kinyumenyume, wakijigonga kwenye nguzo na kukanyagana, naye akiwatazama akaona hiyo ndiyo heshima.

Ikawa Mungu akamruzuku mtoto wa kiume. Mji mzima ukapigiwa ngoma, watu wakala pilau, na baada ya hapo hakuna aliyelala tena kasrini. Mtoto alilia kutwa, akalia kucha. Na angelalaje, masikini wa Mungu? Yaya gani angembeba mgongoni, naye ni damu ya Sultani? Hata mama yake mzazi alikatazwa, kwa kuwa hakuzaliwa katika ukoo ule. Basi walimlaza juu ya mto wa hariri, wakamshika kwa mikono iliyonyooshwa mbele kama wanaopeleka sinia la wali kwa wageni, na kadiri alivyolia ndivyo walivyotetemeka, na kadiri walivyotetemeka ndivyo alivyolia.

Sultani akawa na macho mekundu, akisinzia katikati ya kesi na kumfunga mshitaki badala ya mshitakiwa. Akaamuru majogoo wote wachinjwe. Haikufaa kitu. Akapiga marufuku kutwanga, ati michi inamsumbua mwanawe, wanawake wa mji wakabaki kutazama mpunga wao. Mawaziri, wale walamba nyayo, kila amri waliisifu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ubavu wa kusema kwamba mtoto anataka kubebwa tu.

Basi mpambe mmoja akamnong'oneza Sultani kwamba nyuma ya ukuta wa kasri anakaa msuka makuti aitwaye Kombo, mtu hana mbele wala nyuma, naye ana mtoto mchanga, rika moja na mwana wa mfalme, na mtoto huyo hulala fofofo. Kombo huyo mji ulimwita juha, kwa sababu mkewe Mize alipochoka, yeye alimfunga mwanawe mgongoni kwa kanga, mwanamume mzima na ndevu zake, akasuka makuti huku akiyumbayumba. Wenye akili zao walimcheka, kisha wakarudi nyumbani kukesha na watoto wao.

Kombo akaitwa barazani. Sultani akamwambia, "Usingizi wa mwanangu umekimbilia kwako. Kesho asubuhi uulete hapa, niuone kwa macho yangu, nimpe mwenyewe. Usipouleta, nitamtwaa mwanao akae humu kasrini, na hutamwona tena."

Kombo akatoka kinyumenyume, akarudi kwake. Mize aliposikia habari hiyo alimkumbatia mtoto akalia sana, akasema watoroke. Kombo akajibu kwamba watakamatwa kabla hawajafika hata shambani. Yeye atampelekea Sultani kile alichokitaka, si zaidi wala si pungufu.

Asubuhi Kombo akaingia barazani, mtoto amefungwa mgongoni kwa pande mbili za kanga ya Mize, amelala. Sultani akauliza usingizi uko wapi.

"Nimeuleta, bwana wangu, uko mgongoni. Lakini mgongo nimekatazwa kukuonyesha."

Sultani akafikiri, na kufikiri kulimchosha. Mwishowe akashuka kitini, akazunguka mwenyewe nyuma ya Kombo, nao mawaziri wakageuka pamoja naye wasije wakampa mgongo, wakasukumana mpaka kadhi akaanguka. Sultani akachungulia, akamwona mtoto amelala mdomo wazi, akatamani. Akaamuru apewe usingizi ule mara moja. Kombo akafungua kanga, akamteremsha mwanawe, na mtoto akaangua kilio.

"Huyu ni mtoto tu, bwana wangu," akasema Kombo. "Usingizi umebaki mgongoni."

Sultani akaamuru mwanawe afungwe kwenye mgongo huo huo. Kombo akapiga magoti akakumbusha kwamba kufanya hivyo ni kumpa mgongo mwana wa mfalme, na hukumu yake inajulikana. Akaitwa waziri mkuu ambebe mtoto, akatazama viatu vyake. Akaitwa kadhi, akasema kiuno kinamuuma. Hapo Kombo akasema kwa unyenyekevu kwamba humu ndani mgongo usio na hatia ni mmoja tu.

Basi Sultani Mwinyi Zubeiri akainama mbele ya baraza lake, na joho lake la zari, akafungiwa mwanawe mgongoni kwa upande mmoja wa kanga ya Mize iliyochakaa. Akapiga hatua chache, mtoto akanyamaza. Akatembea mpaka dirishani, mtoto akalala. Sultani akaenda kukaa kitini kwa furaha, mtoto akalia. Akasimama, akatembea tena. Mkojo wa mtoto ukamteremka mpaka kwenye soksi za hariri, na mawaziri wakausifu.

"Nitamtua lini?" akanong'ona Sultani.

"Mimi na Mize hupokezana, bwana wangu. Wewe sheria yako haikukuachia wa kupokezana naye."

Angeweza kuifuta sheria ile palepale, kwa neno moja. Lakini kuifuta ni kukiri kwamba ilikuwa ya kijinga, na hilo lilimshinda. Kombo akajitanda upande wa kanga uliobaki, akambeba mwanawe, akageuka. Akampa Sultani mgongo mzima, mbele ya watu wote, akaenda zake taratibu.

Sultani akafumbua kinywa awaite askari, mtoto akajigeuza mgongoni mwake, akakifumba. Akanyoosha kidole kwa hasira kumwelekea Kombo. Askari, kuona kidole cha bwana wao kimeelekea mlangoni, wakakimbia wakamfungulia Kombo milango yote miwili.