Chokoleti ya Batuli na Hadithi za Raya

Alikuwako Sultani Tamimu bin Hilali, mwenye kuutawala mji wa Jauharini, mji uliozungukwa na mashamba ya mikakao hata harufu yake ikaingia misikitini na masokoni. Na Sultani huyo alikuwa mwadilifu na mpole, lakini msiba uliingia nyumbani mwake, kwani mkewe alifariki, na mwanawe wa pekee, Harithi, kijana aliyekwisha kufika umri wa kuoa, akashikwa na huzuni hata akaacha kula. Matabibu walikuja na kwenda. Kila alichotiwa kinywani alikitema, akisema kinamkwaruza koo kama mchanga.

Na katika mji huo waliishi wanawake vijana wawili waliopendana tangu utotoni. Batuli, mjane, alikuwa fundi wa chokoleti: alizivundika mbegu za kakao ndani ya majani ya mgomba, akazianika, akazikaanga, akazipepeta kwa ungo, kisha akazisaga juu ya jiwe lililopashwa moto, siku tatu nzima, hata zikalainika. Na kwa kuwa kazi ya kusaga huchosha mkono na moyo, rafiki yake Raya, ambaye hakuwa ameolewa, aliketi kando yake akimsimulia hadithi, na Batuli, ambaye hakuwa msemaji, alisikiliza tu.

Basi Sultani akampelekea Batuli mjumbe, akamwomba chokoleti ambayo mwanawe ataweza kuimeza. Batuli akasaga siku tatu, akaongeza tatu nyingine, na alipoionja akaikuta bado ina chembe. Mjumbe akarudi na habari kwamba kijana hawezi tena kuinua kichwa.

Siku ya saba, Batuli alipokwenda kuteka maji, jiwe likafuka moshi, na ndani ya moshi akatokea jini mwenye ndevu za rangi ya kaharabu. Akamweleza Raya, aliyebaki peke yake, kwamba alifungwa ndani ya jiwe lile na mfalme wa zamani, na kwamba aweza kuisaga kakao ikawa laini kuliko ukungu, ila kwa ujira.

"Miaka yote nimekusikia kwa mbali, kama mwenye njaa anusaye chungu cha jirani," akasema jini. "Nipe hadithi zako zote, zitoke kwako zije kwangu, nami nitasaga."

Raya akauliza kama kijana atapona. Jini akajibu kwamba atakula, na mwenye kula huishi. Raya hakumngoja rafiki yake, kwani alijua Batuli atakataa. Akakubali.

Batuli aliporudi aliikuta chokoleti inameremeta kama hariri, na Raya amekaa kimya. Akafurahi, akamwomba ammalizie ile hadithi ya jana.

"Hadithi gani?" Raya akauliza.

Batuli akamtazama usoni, akaelewa kwamba kuna kilichotoweka, na mtungi ukamponyoka; ndipo Raya akamweleza habari za jini na ujira wake.

Chokoleti ikapelekwa kasrini. Harithi akaionja, ikayeyuka kabla haijafika kooni, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu kumzika mamake, kisha akaomba uji. Sultani akamwambia Batuli, "Umenirudishia mwanangu. Omba utakacho, hata kama ni nusu ya hazina yangu." Batuli akaomba hadithi za rafiki yake. Sultani akakiri kwamba funguo za hazina anazo, bali za mlango huo hana. Na Harithi, aliposikia kilichotolewa ili yeye aishi, akauliza nyumba ya huyo Raya iko wapi.

Batuli akarudi nyumbani, akawasha makaa, akapasha jiwe, akaanza kusaga. Na yeye ambaye hakuwa msemaji akaanza kusimulia. Akasimulia habari za mfumaji aliyekwenda kwa mfalme na punda wake mweupe, akikwama na kurudia, na Raya akasikiliza kama mgeni. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili, Batuli alipofika tena kwa punda, Raya akamkatiza.

"Hapana, shoga yangu. Hakuwa mweupe. Alikuwa wa kijivu, na sikio moja limekatika."

Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Batuli hakugeuka, akaendelea kusaga, akauliza polepole, "Sikio lipi?"

"La kushoto. Aling'atwa na fisi." Na machozi yakamtoka Raya, na hadithi nayo ikamtoka, mpaka mwisho wake.

Jini akatokea, amestaajabu. "Nilizichukua zote. Hizi zimetoka wapi?"

"Ulichukua za msimuliaji," Batuli akamjibu. "Za msikilizaji hukuziomba, nazo ndizo zilizoamsha zake."

Jini akainamisha kichwa, akakiri kwamba tangu azipate hazikuwa na ladha, kwa kuwa hakuwa na wa kumsimulia. Akawaomba aketi nao, asage bila ujira, naye asikilize, nao wakamkubalia.

Harithi akaja kutoa shukurani, akakuta hadithi iko katikati, akaketi mpaka ikaisha. Akawa anakuja kila Ijumaa baada ya sala, hata mwisho akampeleka babake kuposa. Raya akaridhia kwa sharti moja, kwamba nyumba yake ijengwe na mlango wa kutokea kwenye karakana ya Batuli. Harusi ikachezwa siku saba, mji mzima ukala chokoleti, na Batuli akapewa mashamba ya mikakao, akatajirika, lakini hakuacha kusaga.

Nasi tuliopokea habari hizi twausia: usimdharau rafiki akusikilizaye kimya, kwani siku utakapojisahau, yeye ndiye atakayekukumbusha wewe u nani.